Mvua Isiyongoja Likizo

Nakuru. Jumapili, 27 Februari 1955

Ziwa limekauka karibu hadi katikati, na upepo wa mchana unaleta magadi mjini. Tulipotoka kanisani, makoti meusi ya wazee yalikuwa yamegeuka kijivu kabla hatujafika barabarani. Heroe, ndege wa ziwa letu, wameondoka wote.

Kila mwaka naanza shajara kabla ya msimu wa kupanda, ingawa hapa Nakuru sina shamba. Shamba langu liko Rusinga, kisiwani, kwenye mgongo wa kilima ambao baba yetu alirithi kwa baba yake. Mgongo huo uligawanywa kwa wana watatu: mimi Micah Ogola, mzaliwa wa kwanza; Owuor, anayenifuata; na mdogo wetu aliyekwisha kufa, ambaye sehemu yake inalimwa na mjane wake, Akoth. Mtu akisimama kwenye mpaka wetu wa mkonge na kutupa jiwe, litaangukia kwa jirani, na jirani atatoka kuuliza. Miti ya kilimani ilikatwa tukiwa watoto. Kila mvua kubwa inateremsha udongo ziwani, na kila mwaka kuna mtoto mwingine wa kulishwa na udongo uliobaki. Owuor ana wana watano, na hakuna hata mmoja aliye na mahali pa kujenga.

Kwa taratibu yetu, mkubwa ndiye afunguaye shamba. Mke wake wa kwanza hutia mbegu ya kwanza ardhini, naye mume lazima awe amelala nyumbani kwake usiku uliotangulia. Wadogo hungoja, kisha hupanda kwa zamu. Husemwa kwamba asiyengoja huiletea nyumba kifo. Mimi ni mzee wa kanisa, siamini vifo vya namna hiyo. Lakini naamini taratibu. Mvua yetu imezoea kuanza karibu na Pasaka, shule ikifungwa. Mke wangu Eucabeth, mama wa mwanetu Peterson, na mimi hupanda treni, tunatia mbegu, tunarudi. Katika kisiwa kizima hicho ndicho kilichobaki kuwa changu: kutangulia.

Alhamisi, 3 Machi

Vumbi. Nimewaadhibu watatu wa darasa la sita kwa kuchelewa.

Ijumaa, 11 Machi

Jirani yetu hapa landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ni Makokha, gadi wa treni ya Kisumu. Leo alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake, sare ikiwa bado mwilini.

"Mwalimu! Kwenu iko mvua! Watu ya meli wanasema huko ni matope tupu."

Nilimwambia kwamba mvua ya mwanzo wa Machi ni ya kudanganya.

"Mimi sijui mambo ya kudanganya," alisema. "Mimi najua kulowa."

Jumapili, 13 Machi

Owuor amekuja. Nilimkuta ameketi kizingitini tuliporudi kutoka ibadani, miguu imenyooshwa mbele, na udongo mweusi umejaa kwenye kucha za vidole. Eucabeth alimletea maji anawe.

"Acha, shemeji," alisema. "Ndio udongo pekee wa kwetu ambao mtu ameugusa mwaka huu."

Nilielewa amekuja kwa ajili gani kabla hajasema. Tulikula kwanza. Kisha akasema, "Kaka, ardhi imelowa hadi kiwiko. Njooni, wewe na Mama Peterson. Mtie mbegu, mrudi."

"Shule inafungwa tarehe sita Aprili."

"Omba ruhusa."

"Tangu nianze kufundisha sijaomba ruhusa. Hata mama alipokufa nilingoja Ijumaa."

"Nakumbuka," alisema Owuor. "Sisi tulikuwa naye tangu Jumanne."

Eucabeth alikuwa akikusanya sahani polepole kuliko ilivyo lazima.

"Basi tupe sisi ruhusa," aliendelea. "Sema neno moja, hapa, mbele ya mkeo: Owuor atangulie mwaka huu. Nami nitawaeleza wazee."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu tu. Majirani wote wamepanda. Sisi peke yetu tumekaa na majembe begani kama watu wanaongoja maiti ifike."

Nilimweleza waziwazi ninachokijua. Katika ardhi hakuna "mwaka huu tu". Akitangulia mwaka huu, mwakani watu watauliza ni nani aliye mkubwa. Mwaka wa tatu mwanawe atakuwa amejenga kwenye sehemu yangu, nami nikija nitakaribishwa chai kama mgeni.

"Chai tutaitoa wapi, Kaka?" aliuliza, na akacheka kidogo, peke yake.

Mtu mwenye wana watano wasio na pa kujenga hawezi kuitazama sehemu ya ndugu yake bila kuipima. Simlaumu, lakini simwamini. Nikamwambia: "Ningojeni."

Nilitazamia ugomvi. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Tutangoja."

Amerudi na treni ya jioni.

Jumatatu, 14 Machi

Wakati wa mapumziko nilimsimulia Ephantus Ndung'u, mwalimu wetu wa hesabu. Nilitaka kusikia mtu mwenye akili akikubaliana nami. Ephantus alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Subukia. Hali ya Hatari ilipotangazwa, wazazi wake walipakiwa kwenye lori na kupelekwa Kikuyuni, ambako hawana hata pa kuchimba choo. Yeye amebaki Nakuru kwa pasi ya serikali, ambayo huigusa mfukoni kila baada ya dakika chache kama mtu mwenye jino bovu.

"Kwa hiyo ugomvi ni wa nani atangulie?" aliuliza. "Heri nyinyi. Kwetu wote tulikuwa wa mwisho. Mimi ningepewa mgongo wa kilima, hata wa mawe, ningeupanda kwa meno."

Nilimjibu kwamba asiye na ardhi hawezi kuielewa sheria yake.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Na anayekaa mbali nayo?"

Kengele ililia. Ana ulimi mwepesi kupita kiasi kwa mtu wa hali yake.

Jumapili, 20 Machi

Makokha anasema bado inanyesha kisiwani, kidogo kidogo, alasiri. "Watu ya kwenu iko naangalia tu," alisema. Sikumwuliza zaidi.

Ijumaa, 25 Machi

Mvua imefika Nakuru. Magadi yamesombwa barabarani na mlima wa Menengai umeonekana safi kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Eucabeth alisimama nje bila kujifunika kichwa. Nilimwambia aingie ndani.

"Nanusa tu," alisema.

Jumamosi, 2 Aprili

Jua kisiwani tangu wiki iliyopita. Makokha aliniambia mwenyewe, na safari hii hakupiga kelele.

Jumatano, 6 Aprili

Shule imefungwa. Mkaguzi amesema mahudhurio yetu ni mfano kwa wilaya nzima. Tunaondoka kesho.

Jumatatu, 18 Aprili

Sikuandika lolote kisiwani. Naandika sasa, kwa utaratibu, ili nisijidanganye baadaye.

Treni ilipita katikati ya mashamba ya Njoro. Ngano ilikuwa imeota, kijani kibichi kutoka relini hadi mwisho wa macho, na ndani yake nyumba moja yenye bati jekundu. Shamba hilo moja lingewatosha watu wote wa Rusinga, na watu wa Rusinga wangekuwa hawajafika kwenye uzio wa pili. Eucabeth alilitazama hadi lilipokwisha.

Kisiwani, mtama wa majirani ulikuwa umefika magotini. Ulikuwa umeanza kukunja majani kwa jua, lakini ulikuwa na mizizi. Mgongo wetu ulikuwa mtupu, umepasuka kama kisigino. Jembe la Owuor lilikuwa limeegemezwa mlangoni kwake, na buibui alikuwa amefunga uzi kutoka mpini hadi ukutani. Kwanza nilikwenda kukagua mpaka wa mkonge wa sehemu yangu. Nilikuwa na hakika ningekuta umesogezwa. Haukuwa umesogezwa hata unyayo mmoja.

Sehemu moja tu kwetu ilikuwa ya kijani: ya Akoth.

Asubuhi iliyofuata Eucabeth alitia mbegu ya kwanza. Tulifanya kila jambo inavyotakiwa. Jembe liligonga ardhi na kuruka, na mbegu zilianguka juu ya udongo kwa sauti, kama zinaangukia mkeka. Baada yetu alipanda Owuor. Mkewe alimfuata akifukia kwa mguu, na vumbi lilipanda hadi kiunoni mwake. Hakuna aliyeimba.

Baadaye tulikaa chini ya ukingo wa paa la baba, mimi na wazee wawili wa ukoo, tukamwita Akoth. Alikuja na jembe mkononi na hakuliweka chini.

"Nani alikupa ruhusa ya kupanda?" niliuliza.

"Mvua, shemeji."

Wanawake waliosimama nyuma walicheka ndani ya viganja vyao.

"Hukuambiwa kwamba tunangoja?"

"Niliambiwa. Nami nikawaambia watoto: tulieni, Mwalimu atakuja shule ikifungwa. Wakaniuliza, na tumbo nalo linafungwa lini?"

Mzee mmoja alisema mtama huo ung'olewe siku hiyohiyo, kabla haujaleta msiba. Nilimtazama Owuor, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonewa zaidi. Alikuwa amengoja na sasa hana kitu. Nilidhani atakuwa wa kwanza kushika shina.

"Usiung'oe, Kaka," alisema. "Ndio pekee ulioota."

Nikahukumu. Nilisema usiguswe, lakini kwa kuwa haukupandwa kwa zamu, si mtama wa nyumba yetu. Akoth na watoto wake watakula. Mtu mwingine yeyote wa boma letu asile wala asiazime, mpaka nitakaposema vingine. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nilijiona nimekuwa mpole.

Akoth aliuliza swali moja tu: "Hata watoto wa Owuor?"

"Hata hao."

"Wanalala kwangu nusu ya siku, shemeji. Nile nimewapa mgongo?"

Niliwageukia wazee. Hukumu ikijibizana na kila mtu inakuwa mazungumzo.

Owuor alitusindikiza hadi kwenye boti. Nilimwambia mvua itarudi. "Ikirudi," alisema, akampa Eucabeth mkono, kisha akanipa mimi.

Jumanne, 10 Mei

Hapa kunanyesha kila alasiri, vizuri, kwa saa yake. Kisiwani hakuna kitu.

Jumapili, 22 Mei

Makokha amekutana na mtu wa kwetu gatini Kisumu. Mbegu zetu hazikuota. Ndege walizifukua zilizokuwa juu, na zilizokuwa chini zimeokwa. Mtama wa majirani umesinyaa lakini utazaa kidogo. Wa Akoth nao unatoa masuke.

Nilimweleza Eucabeth. Alikuwa akisuka ukili.

"Nimesikia," alisema. "Ukuta ni wa mbao."

Ijumaa, 17 Juni

Eucabeth hasemi nami ila la lazima. Chakula kiko tayari kwa wakati.

Jumamosi, 2 Julai

Leo nimemwona Owuor.

Nilikuwa nikipita karibu na maghala ya reli. Lori la mzungu mmoja wa upande wa Njoro lilikuwa likishusha magunia ya maua ya pareto, na miongoni mwa vibarua nikaona mgongo ninaoujua. Sikuamini, nikazunguka upande wa pili. Alikuwa amejifunga gunia kichwani kama kofia, na vumbi la maua lilikuwa limempaka nyusi njano.

"Owuor!"

Aliweka mzigo wake chini kwanza, sawasawa, ndipo akageuka. "Kaka. Habari ya shule?"

"Umekuja lini?"

"Mwezi uliopita, ulipoanza."

"Na hukufika kwangu?"

"Ningefika kama nani?" alisema. "Kwako nafika kama mdogo wako. Sasa mimi ni mtu wa nyapara."

Kama aliyeitwa, nyapara akapaza sauti kutoka juu ya lori: "Wewe mzee ya Kisumu! Hapa si baraza! Gunia iko nangoja!"

"Nakuja, bwana mkubwa," Owuor alijibu kwa Kiswahili, akaniinulia nyusi zake za njano kwa mzaha, kama alivyokuwa akifanya nyuma ya mgongo wa baba. Miaka mingi sikuwa nimeona hivyo. Wana wake wawili wako naye, wanachuma maua. Mkewe amebaki kisiwani na wadogo. Wanakula mboga za mwituni na dagaa, na wengine wakiwahurumia, uji.

"Na kwa Akoth?"

"Ulikataza."

"Angewapa kwa siri."

"Amejaribu. Mke wangu anawarudisha watoto mlangoni. Anasema akizika mtoto hataki kujiuliza kama ni mtama huo."

Nikasema jambo baya. Nilimwambia kwamba kama alijua mvua itakwisha, angeweza kupanda mwezi wa Machi bila mimi, nani angemzuia?

Owuor alijipangusa vumbi usoni. "Ningeweza," alisema. "Lakini nilikuwa nimekwambia tutangoja."

Akalichukua gunia lake. Alipokuwa ameinama, uso umefichwa, akasema: "Hata huyu mzungu ana taratibu, Kaka. Ila wingu likitokea, trekta inatoka. Haingoji mtu."

Mwezi wa Machi niliandika humu kwamba simwamini mtu huyu. Sifuti maandishi, na hilo nimeliacha.

Jumatano, 13 Julai

Nimemwambia Ephantus. Nilitazamia ulimi wake. Alichosema ni, "Pole, Mwalimu," na hilo lilikuwa zito zaidi.

Jumapili, 24 Julai

Jana Akoth alishuka kutoka treni ya Makokha akiwa na kikapu cha mtama kichwani. Alikuwa amekonda, na alikuwa amefunga kitambaa kipya. Alimsalimu Eucabeth kwa mikono miwili. Mimi alinisalimu kwa adabu.

"Nimevuna," alisema. "Ni mzuri. Umejaa vyungu viwili vikubwa, na watoto wa Owuor wanakaa kwenye uzio wangu kama ndege. Mama yao anasema kuna njia moja tu: mkubwa wa nyumba akila kwanza mavuno, wote wanaruhusiwa. Kwa hiyo nimekuletea ule."

Makokha, ambaye leo aliamua kuwa mtu wa maana, alikuwa amekwisha kupeleka habari Njoro, na Owuor alikuja kwa miguu baada ya ibada. Tukawa wanne mezani. Eucabeth alisonga ugali wa mtama, mwekundu, mzito, akauweka katikati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Waliningoja mimi.

Nilikuwa nimefikiri usiku kucha. Nikila bila sharti, basi mtu yeyote kisiwani atapanda siku atakayotaka, na aliye mbali hana kitu tena. Niliwaambia hivyo. Nilisema niko tayari kula, lakini Akoth akiri kwanza, mbele yetu, kwamba alikosea.

"Nikiri nini, shemeji?" aliuliza Akoth. "Kwamba uliota?"

"Kwamba hukungoja."

"Hilo najua. Kila mtu anajua. Nimenenepa kwa sababu hiyo?"

"Akoth," alisema Owuor kwa upole, "sema tu, tule."

"Sisemi. Niliinama peke yangu katika matope na boma zima likinitazama kama mchawi. Nikisema nilikosea, mwakani nitangoja, na watoto wangu nao watakaa kwenye uzio wa mtu."

Ugali ulikuwa ukipoa na kushika ngozi. Ndipo Eucabeth alipovuta kiti, akanawa, akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye mboga na kulila. Alitafuna bila haraka. Tulimtazama hadi alipomeza.

"Mama Peterson," nilisema, "ni mkubwa wa nyumba anayeonja."

"Mbegu ya kwanza ni mkono wa nani?" aliniuliza. "Ni huu. Miaka yote ni huu. Wewe kazi yako kule ni kulala tu."

Owuor alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akakohoa, na Akoth akampiga mgongoni huku naye akifuta machozi. Mke wa mtu hasemi hivyo mezani. Nilingoja kicheko kiishe.

Eucabeth alimpa Akoth tonge, kisha Owuor. "Ukirudi waambie watoto, mama mkubwa ameshaonja," alimwambia Akoth. "Na mama yao mwambie aniulize mimi." Halafu alisogeza sahani upande wangu. "Baba Peterson. Kimebaki chako."

Nilinawa mara ya pili, ingawa mikono ilikuwa safi. Nikala, wa nne. Ulikuwa ugali mzuri. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatatu, 1 Agosti

Eucabeth amekwenda na Akoth. Amechukua godoro lake, sufuria mbili na jembe fupi alilokuwa akipalilia mboga nyuma ya landi. Niliwasindikiza stesheni kabla ya masomo. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa milima ya Mau, meusi.

Nilimwambia shule inafungwa tarehe kumi na mbili, nami nitafuata. Angoje siku hizo chache, tufungue shamba la vuli pamoja, inavyotakiwa.

"Mawingu nayo umeyaambia?" aliuliza.

"Eucabeth."

"Ikinyesha, nitapanda siku hiyohiyo. Wa pili Owuor, akirudi kutoka Njoro. Asiporudi, mkewe. Wa tatu Akoth. Sehemu yako nitaipanda pia, usihofu. Haitakaa tupu."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa ya treni. Kisha akampa Akoth jembe kupitia dirishani, akapanda behewa.

Katika taratibu yetu, mwanamke hufungua shamba bila mumewe kwa sababu moja tu, ile iliyomwacha Akoth alime peke yake. Eucabeth anaijua sababu hiyo, na nina hakika aliifikiria. Hakuitaja, nami sikumwuliza.

Nimewahi kipindi cha pili.